Vijiti Katika Shamba la Viazi

Siku ya kuvuna, Verediane hugawa viazi mafungu matatu. Vikubwa ni vya kuuza kwenye mpaka wa Petite Barrière, kwa akina mama wanaotoka Goma. Vya kati ni vya chungu cha nyumbani. Vile vidogo, vya ukubwa wa kidole gumba, huviweka pembeni viwe mbegu. Mama yake alifanya hivyo. Bibi yake pia. Nani apande kiazi kizuri wakati kinaweza kuuzwa? Sitamcheka Verediane. Huku kwetu karibu kila nyumba imefanya hivyo.

Verediane ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, akaja Rwanda akiwa msichana. Anaishi Cyanzarwe na mume wake, Kalisa. Binti yao, Ishimwe, anasoma shule ya bweni. Wana shamba moja tu la viazi, hatua ishirini kwa ishirini. Verediane aliachiwa shamba hilo na mama yake. Kando yake kuna ukanda mwembamba ambamo Kalisa hupanda maharagwe, yale yanayopanda juu ya vijiti.

Zamani shamba la viazi lilitoa magunia manane. Kisha saba. Kisha matano. Msimu uliopita lilitoa manne, na viazi vyenyewe vilikuwa vidogo.

"Mama Ishimwe," mteja mmoja kutoka Goma alimwambia mpakani, "hizi ni viazi ao ni karanga?"

Akina mama wengine walicheka. Verediane naye alicheka, lakini moyoni aliumia.

Mwezi wa nne viazi vilianza kutoa maua. Mimea mingi ilikuwa imedumaa. Majani yalikunjamana na kuwa na madoa ya njano. Verediane alipiga dawa mara mbili, bila faida yoyote.

Jioni moja Kalisa alirudi na miche ya mikaratusi. Ilikuwa midogo, kila mmoja katika kifuko chake cheusi. Aliipanga nyuma ya nyumba.

"Papa Ishimwe, hii miti ni ya nini?" Verediane aliuliza.

"Ni ya shamba," Kalisa akajibu. "Ile udongo imechoka. Mvua ya mwezi wa tisa ikianza, tunapanda miti."

"Shamba ya mama yangu? Miti ikiingia pale, haitoki tena. Tutakula majani yake?"

"Na sasa tunakula nini? Mi nimechoka kulima bure. Bon, kama uko na njia ingine, onyesha. Mpaka mwezi wa tisa."

Verediane alitazama ile miche. Kalisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Sawa," alisema. "Mpaka mwezi wa tisa."

*

Karibu na mpaka kuna kioski cha Mutesi. Mutesi huwasaidia watu kulipia huduma za serikali kwa mtandao. Alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka. Kesho yake Verediane alikwenda kulipia bima ya afya, akajikuta anamweleza Mutesi habari zote za shamba na miche.

Mutesi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza kompyuta yake.

"Mama Ishimwe, tazama hapa. Hii ni kozi huria ya mtandaoni. Maana yake ni masomo yaliyo wazi kwa kila mtu. Chuo kimoja cha kilimo kimeandaa kozi ya kutunza viazi na mbegu zake. Ni ya Kiswahili. Ni wiki sita. Hulipi kitu."

"Bure? Mi naogopa vya bure. Nilifika darasa la nne tu."

"Hawaulizi ulifika darasa gani. Unasikiliza, unatazama video fupi, unajibu maswali. Ukikosea, unarudia."

"Na mega zitatoka wapi? Video zinakula mega mingi."

"Njoo hapa, upakue video kwa mtandao wa kioski. Ukifika nyumbani, utazitazama bila kutumia kifurushi chako. Ila shika jambo moja. Hawa wanataka jina lako na namba ya simu tu. Mtu akikuomba namba ya siri ya pesa za simu, huyo si mwalimu. Ni mwizi."

Verediane aliuliza, "Mwalimu iko wapi?"

"Mwalimu ni mmoja, na wanafunzi ni mia nane. Wako Rwanda, Kongo, Tanzania, Burundi. Kuna ukurasa wa mazungumzo. Mmoja anauliza, mwingine anajibu. Humo wanafunzi wanafundishana."

Verediane alijiandikisha siku hiyo hiyo. Jioni alimwambia mumewe wajiandikishe wote wawili.

Kalisa alicheka. "Wote wawili ya nini? Umuganda, kila nyumba inatuma mutu mumoja. Anafanya kazi, imekwisha, nyumba yote imefanya. We soma. Utakuwa umesoma kwa wote."

Maneno hayo yalionekana kuwa na akili. Kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, ndivyo ilivyo. Mtu mmoja akishika jembe, hakuna anayeuliza mwenzake yuko wapi. Basi Verediane akasoma peke yake.

Alisoma kwa bidii. Alimenya viazi huku simu ikiwa imeegemea sufuria. Alisimamisha video, akafuta mikono, akaandika katika daftari. Neno gumu alilirudia mara tatu. Lakini kwenye ukurasa wa mazungumzo hakuandika chochote. Aliwasoma wengine, akanyamaza. Shuleni walimfundisha hivyo: mwanafunzi mzuri ni yule anayekaa kimya.

Wiki ya pili Mutesi alimtania. "Jina lako nimeliona kwenye orodha, sauti yako sijaisikia. Umekuja harusini ukasimama nyuma ya mlango?"

"Niandike nini? Niseme shamba yangu iko mugonjwa? Batu mia nane waone?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mutesi akasema. "Mwalimu anafundisha viazi vya watu wote. Vya kwako hajaviona. Atakusaidiaje?"

Verediane alirudi nyumbani akiwaza. Alisimama kando ya shamba, akapiga picha. Majani yaliyokunjamana yalionekana vizuri, hata kupita alivyotaka. Akaandika: "Mi ni Verediane wa Cyanzarwe. Viazi zangu ziko hivi. Nimepiga dawa, haikusaidia. Nifanye nini?" Akafumba macho, akatuma.

Kabla giza halijaingia alikuwa na majibu kumi na moja. Rutagengwa, mkulima wa Kinigi, aliandika kwamba shamba lake lilikuwa hivyo hivyo mwaka juzi. Sekela, mama mmoja wa Mbeya, aliuliza: "Mbegu yako unaipata wapi, dada?"

Verediane akajibu kwamba huchagua vile vidogo.

Mwalimu mwenyewe alieleza. "Mama Verediane, udongo wako haujachoka. Mbegu ndiyo imechoka. Hayo ni magonjwa ya virusi. Vidukari, wale wadudu wadogo wa majani, huyabeba kutoka mmea hadi mmea, na mmea ulioambukizwa hauna dawa. Mara nyingi mmea mgonjwa ndio unaozaa viazi vidogo. Ukichagua vidogo kuwa mbegu, unachagua ugonjwa, kisha unaupanda tena."

Verediane aliisoma mara mbili. Miaka yote hiyo alikuwa akiuza afya na kupanda ugonjwa, kwa mikono yake mwenyewe. Alisikia uchungu. Kisha akasikia kitu kingine: hasira nzuri, ile inayomfanya mtu asimame.

Alimwonyesha Kalisa. Kalisa hakutazama majibu. Alitazama picha.

"Umetuma picha ya shamba yetu? Mama Ishimwe! Batu wote bataona aibu yetu. Futa hiyo kitu."

"Sifuti," Verediane alisema. "Imenipa majibu kumi na moja."

*

Somo la wiki ya tatu lilihusu kuchagua mimea bora. Mwalimu alisema: viazi vikianza kutoa maua, pita shambani. Tafuta mimea mirefu, yenye majani mapana na ya kijani, isiyo na madoa. Weka kijiti kwa kila mmoja. Baada ya wiki mbili pita tena. Uliougua, ondoa kijiti chake. Wakati wa kuvuna, chimba yenye vijiti kwanza, mmoja mmoja. Hiyo ndiyo itakupa mbegu.

Alionya pia. "Ukiona mmea unanyauka ghafla ungali wa kijani, huo ni ugonjwa mwingine. Usichukue mbegu yoyote katika shamba hilo. Mwite mtaalamu wa kilimo wa kata au sekta yako."

Verediane alimwita mtaalamu huyo. Alikuja na pikipiki, akakagua, akakata viazi viwili vitatu. Akasema mnyauko haumo, aendelee na kazi.

Basi Verediane alikusanya vijiti. Alichukua vile virefu vya maharagwe vilivyobaki nyuma ya nyumba. Havikutosha. Akaazima vingine kwa jirani yao, Jado. Siku mbili aliinama kati ya matuta, bila kumweleza Kalisa ni kazi gani. Mimea ilikuwa kama elfu mbili, naye alipata mizuri mia tatu. Akasimamisha vijiti mia tatu shambani. Ungeliona shamba lile kwa mbali, ungedhani viazi vimeamua kupanda juu kama maharagwe.

Kesho yake alikwenda Petite Barrière kuuza karoti. Kalisa alibaki nyumbani.

Sasa, huku kwenye milima yetu, kijiti cha maharagwe ni mali. Miti ya kukata ni michache. Watu huviazima, huvitunza mwaka hadi mwaka, wengine huvifunga kwa kamba wasiibiwe. Maharagwe ya Kalisa yalikuwa yameanza kutambaa chini yakitafuta pa kushika. Akaona vijiti mia tatu, virefu, vimenyooka, vimesimama bure kwenye viazi. Akafurahi. Alidhani mke wake amemkusanyia na kumwekea hapo.

Verediane aliporudi alasiri, maharagwe yote yalikuwa na vijiti. Shamba la viazi halikuwa na hata kimoja.

Aliangusha beseni. "Papa Ishimwe! Vijiti yangu iko wapi?"

"Iko ku maharagwe," Kalisa alisema akitabasamu. "Murakoze, asante mama. Umenisaidia sana."

"Mana yanjye, Mungu wangu! Ile vijiti ilikuwa alama! Ilionyesha viazi yenye afya! Siku mbili, mugongo inaniuma, na we unang'oa yote!"

Tabasamu la Kalisa lilikauka. "Mi ningejua namna gani? Kijiti ni ya maharagwe."

"Ungejua kama ungesoma! Nilikuambia tusome wote. We ukasema umuganda. Barabara inalimwa na mutu mumoja, iko sawa. Lakini mi nikijua, kichwa yako itajua namna gani?"

Kalisa aligeuka kuyatazama maharagwe. Aliketi kwenye kizingiti, mikono juu ya magoti.

Verediane alisikia machozi yanakuja, akayarudisha. Angeweza kuchagua upya, lakini mwalimu alikuwa amesema wakati wa maua ni mfupi, na maua yalikuwa yameanza kuanguka. Akachukua simu. Safari hii hakufumba macho. Akaandika: "Mume wangu ameng'oa vijiti zote. Alifikiri ni za maharagwe. Kuna mutu anajua nifanye nini?"

Wengine walicheka kwanza, nisiwafiche. Kisha Sekela wa Mbeya akaandika: "Dada, kijiti kirefu huacha shimo refu. Mvua imenyesha huko?"

"Bado."

"Basi nendeni sasa hivi. Tafuteni mashimo. Mvua ikishuka, yatazibwa. Na mkiwa wawili mtaiwahi."

Verediane alitazama upande wa Nyiragongo. Mawingu meusi yalikuwa yamekaa juu ya mlima.

"Simama," alimwambia Kalisa. "Iko kazi."

Walipiga magoti, kila mmoja kwenye tuta lake. Safari hii Verediane hakutumia vijiti. Alikuwa amechana kitenge kikuukuu vipande vyembamba. Kalisa alipopata shimo, aliingiza kidole kuhakikisha. Kisha alifunga kitambaa kwenye shina, bila kukaza.

"Hapa iko shimo," Kalisa alisema.

"Tazama majani kwanza. Iko namna gani?"

Kalisa aliinama karibu. Kwa miaka ishirini alikuwa amelima viazi, lakini hakuwahi kulitazama jani kwa makini. "Iko mapana. Kijani. Haina madoa."

"Funga."

"Na hii ya pembeni?" Aligusa mmea mfupi. "Iko kama mutoto wa njaa. Majani inakunjamana."

"Ule ni mugonjwa. Ndio tulikuwa tunachukua mbegu yake."

Kalisa aligeuza jani lake. Kisha akasema polepole, "Kumbe udongo haikuchoka."

Mvua ilianza wakiwa tuta la mwisho. Walikuwa wamepata mimea mia mbili na kumi na miwili. Mingine ilikuwa imepotea, basi. Walirudi nyumbani wameloa, wote wawili na tope mpaka mapajani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kucheka pamoja.

Jioni ile Verediane aliandika kwa wenzake: "Kwetu kijiti inachukuliwa na maharagwe. Kitambaa haina mutu wa kuichukua." Wiki iliyofuata mwalimu aliliongeza jambo hilo kwenye somo: mahali ambapo vijiti ni adimu, tumieni kitambaa. Fundisho hilo, alisema, limetoka kwa mama Verediane wa Cyanzarwe.

Verediane alimsomea Kalisa kwa sauti. Kalisa alisikiliza, akakohoa.

"Mutesi anafungua kioski saa ngapi?" aliuliza.

Asubuhi alikwenda kujiandikisha kwa jina lake mwenyewe.

*

Baada ya wiki mbili walipita tena pamoja. Mimea kumi na tisa ilikuwa imeugua. Kalisa ndiye aliyefungua vitambaa vyake. Mwezi wa sita walivuna. Walichimba yenye vitambaa kwanza, mmoja mmoja. Mmea uliozaa vichache au vilivyopinda waliutenga. Mimea waliyobaki nayo ilizaa viazi vizuri, vingi vyenye ukubwa wa yai la kuku.

Hapo ndipo ugumu ulipokuja. Vile vidogo vya mimea migonjwa wakala wao wenyewe, wiki baada ya wiki. Vile vizuri wakavitandaza juu ya chanja, mahali penye hewa na mwanga kidogo, bila jua kali. Yule mteja wa Goma alisikia habari, akapanda mpaka Cyanzarwe.

"Mama Ishimwe, viazi ndio hizi! Niuzie zote. Taja bei."

Verediane aliviangalia. Ada ya shule ya Ishimwe ilikuwa njiani. Akamwangalia Kalisa. Kalisa alitikisa kichwa taratibu.

"Hapana, mama," Verediane alisema. "Hizi haziuzwi. Hizi ni shamba."

Mwezi wa tisa mvua ilianza. Miche ya mikaratusi ilikuwa imefika kiunoni. Asubuhi Kalisa aliibeba yote kwenye toroli. Verediane alisimama mlangoni, akimtazama. Hawakuwa wamezungumza tena juu ya miti.

Kalisa alipita kando ya shamba. Hakusimama. Alishuka hadi kwenye korongo karibu na barabara, mahali udongo unapomomoka kila mwaka na hakuna anayelima. Akaanza kuchimba mashimo huko chini. Kisha akapaza sauti:

"Mama Ishimwe! Unangoja nini? Toa mbegu, mvua haitatungoja!"

Mwezi wa kwanza walivuna magunia sita. Hayakuwa manane ya zamani, na sitasema ni muujiza. Lakini viazi vilijaza mkono, na safari hii walikuwa wameweka vitambaa mia nne. Mpakani hakuna aliyetaja karanga tena.

Kozi ilipofunguliwa upya, walirudi wote wawili, kila mmoja kwa jina lake. Jioni moja walikuwa wameketi barazani. Mwanafunzi mpya, baba mmoja wa Bukavu, aliandika: "Shamba langu ni gonjwa. Mwalimu anataka picha. Lakini naona aibu, watu ni wengi."

Verediane alimsomea mumewe. Kalisa alisogea karibu naye. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe simu," alisema. "Ile picha yetu ya mwezi wa nne, yenye majani ya kukunjamana. Ungali nayo?"

"Ile uliniambia nifute?"

"Ile ile. Mi namutumia. Aone hata sisi tulitoka pale."